Ardu-Stim: boksi linaona injini inazunguka, na gari limezimwa

Ukiwa fundi umeme wa magari na unapokea kontroli boksi (ECU, boksi linaloongoza injini) mezani, tafuta Ardu-Stim. Ni programu ya bure, aliianzisha David Andruczyk, na sasa inaendelezwa na watu wa Speeduino. Unaipakia kwenye kadi ya Arduino Nano au Uno, unachagua aina ya gia ya kranki (gurudumu la meno linalosomwa na sensa) kwenye kompyuta, na kadi inatoa ishara kama za sensa injini ikizunguka. Pini 8 ni kranki, pini 9 ni kamshafti. Ethi ya kadi na ya boksi lazima ziungane.

Mfano ni gia ya 60-2 ya Bosch Motronic: meno 58 na pengo la meno mawili. Duara lina nafasi 60, kwa hiyo ukipima jino hadi jino kwenye osiloskopu, mizunguko 900 kwa dakika ni hezi 900 kamili. Mimi huhakiki hivyo kwanza.

Kilichonifanya nisiache kuisifia ni boksi la Subaru yenye injini ya EJ. Mteja alikuwa ameambiwa linunuliwe jingine. Gia yake, 36-2-2-2, ipo tayari kwenye orodha. Nilianzia mwendo wa staata, mizunguko 200 kwa dakika, nikapandisha mpaka 6000, na cheche zikatoka kwenye plagi zote bila kukosa hata moja. Boksi lilikuwa zima! Waya wa sensa ndio uliokuwa umekatika ndani ya ganda lake, karibu na alternata. Mteja akaondoka na pesa yake mfukoni.

Udhaifu wa Ardu-Stim uko kwenye sensa za sumaku zenye nyaya mbili, kama ya hiyo Subaru. Kadi inatoa volti 0 au 5 tu. Boksi la sensa ya Hall (inayowasha na kuzima ishara) linaridhika na hizo, lakini boksi la sensa ya nyaya mbili linataka wimbi linalopita sifuri kwenda juu na chini. Mimi naweka transfoma ndogo ya sauti katikati. Wengine wanatia kapasita kwenye waya wa ishara, na kuna maboksi yanayoikubali. Hata hivyo, wimbi la kadi halipungui nguvu mwendo ukishuka, wakati sensa halisi ya sumaku hutoa volti kidogo sana wakati wa kupiga staata. Kwa hiyo boksi linaloshindwa kusoma ishara dhaifu linaweza kufaulu mezani na bado likagoma kwenye gari. Hilo lipime kivyake.

Toyota zenye koili za nyaya nne, funga koili zote: boksi lisipopata jibu la IGF (ishara ya koili kuthibitisha kwamba imewasha), linakata injekta. Na kila koili iwe na plagi iliyoshikwa ethi vizuri. Koili isiyo na plagi inapasuka kwa ndani, au umeme wake unapita mkononi mwako.