John Deere E130: uzuri wake uko chini ya kiti

Jamaa wa hapa Columbus, Marekani, wakitaka kununua mashine ya kukatia majani, ile unayoikalia na kuiendesha, swali lao la kwanza ni injini ina nguvu za farasi wangapi. E130 ina 22, na sehemu ya visu ina upana wa inchi 42. Sawa. Ila mimi nawaambia waulize kwanza gia boksi.

Hii ni ya haidroliki, klachi haina. Mkanda wa injini unazungusha pampu, pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota, magurudumu ya nyuma yanakwenda. Ukikanyaga pedali, kuna sahani ndani ya pampu inainama. Ikiinama sana, oili nyingi inapita, unakimbia. Ikinyooka, unasimama. Pedali ya pili inaiinamisha upande mwingine, unarudi nyuma. Kwenye uwanja wenye miti mingi ni raha tupu. Kwa ile ya gia na klachi, kila mti unasimama, unakanyaga, unachagua rivasi. Lakini kama kwako ni peupe kama kiwanja cha mpira, ya gia inatosha kabisa, na hela itakayobaki nunulia visu.

Jirani yangu bado ana mashine ya zamani ya kampuni ya Snapper, injini nyuma. Hiyo haina hata oili ya kusukumana: gurudumu dogo lenye mpira linabanwa kwenye sahani ya chuma inayozunguka. Likiwa karibu na katikati unajikokota, likisogea ukingoni unachanja mbuga. Mpira ukilowa, inateleza. Naipenda kwa sababu ukiinama tu unaona kila kitu.

Gia boksi ndogo za oili, za kampuni yoyote, haziupendi mlima. Oili ikichemka inakuwa nyepesi, inavuja humohumo ndani, nguvu inapungua. Juu yake kuna feni. Safisha majani yanayojazana pale. Na ukitaka kuisukuma ikiwa imezimwa, vuta kwanza wenzo wa nyuma, la sivyo magurudumu yatagoma.

Kukata huku ukirudi nyuma lazima ubonyeze kitufe. Wengi wanalalamika. Mimi nina watoto, sina neno.

Ukipata ya mtumba, usiijaribu ikiwa baridi. Kata nayo nusu saa, kisha ipandishe kilima. Ikianza kusinzia, mrudishie mwenyewe ufunguo.