Nahodha aliyerudi peke yake: Odyssey ya Homer katika tafsiri ya Emily Wilson

Kitabu hiki nilikinunua Mombasa kwa muuzaji wa vitabu vya mkono wa pili, shilingi 900 baada ya kuvutana kidogo. Nilikipekua nikakuta ramani za bahari, basi nikatia mfukoni. Mimi nimekula chumvi ya bahari miaka 26, kumi ya mwisho nikiwa serahangi, yaani kiongozi wa mabaharia wa deki. Mtu akiniambia kuna utenzi unaomsifu nahodha, nauliza kwanza: mabaharia wake walirudi?

Hawakurudi. Hata mmoja. Odysseus, nahodha wa utenzi huu wa Kigiriki cha kale, aliondoka kisiwani kwao Ithaca kwenda vitani Troy na meli 12. Baada ya miaka 20 akarudishwa na meli ya watu wengine, amelala fofofo, wakambeba na shuka lake wakamlaza mchangani. Kitabu nakipa nyota nne. Za nahodha bado nazitafakari.

Nianze na bidhaa yenyewe. Wilson anafundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na tafsiri yake ilitoka mwaka 2017, ya kwanza ya utenzi huu mzima kwa Kiingereza kuchapishwa na mwanamke. Amejibana kwenye idadi ileile ya mistari kama Kigiriki, zaidi ya 12,000, na kila mstari una mapigo matano. Ukiusoma kwa sauti unakwenda wenyewe. Kiingereza changu ni cha deki na bandarini, ila nimefungua kamusi mara chache mno. Gundi ya nakala yangu imeachia na kurasa za katikati zinatoka mkononi, lakini hilo ni la aliyeitumia kabla yangu.

Nyota moja nimeikata kwa jambo ambalo wengine watalisifia. Kwa Homer, mshairi mwenyewe, alfajiri ina vidole vya waridi, na mstari huo hurudi kwa maneno yaleyale mara nyingi kunapokucha. Wilson anaubadilisha kila mara ili usichoke. Sisi tuliolelewa na tenzi hatuchoki. Utenzi wetu kina cha mwisho hurudi kilekile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na ndicho kinachokushika mkono. Hapa nilikikosa.

Kwenye mstari wa kwanza mshairi anamwita Odysseus kwa Kigiriki polytropos. Mimi ningesema mtu wa mapindi mengi, kama mkondo wa mikokoni: unaona maji tu, hujui unapinda wapi. Wilson amechagua neno la Kiingereza linalomaanisha mtu aliyetatizana, si rahisi kumfungua fundo. Nakubaliana naye, maana hakumsafisha wala hakumchafua.

Mshairi ndiye anayempendelea. Mistari michache tu toka mwanzo anatuambia kuwa Odysseus alihangaika kuwaokoa wenzake, bali waliangamia kwa ujinga wao, walipokula ng'ombe wa mungu wa Jua. Niliamini hivyo mpaka nikafika kitabu cha 10 (sehemu za utenzi huu huitwa vitabu), nikachukua kalamu nikaanza kuhesabu meli.

Kitabu hicho kina mambo mawili. La kwanza ni mfuko wa pepo. Aeolus, mlinzi wa pepo, anamfungia pepo zote mbaya ndani ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe, anaukaza kwa uzi wa fedha, anamwachia upepo mmoja tu wa kumpeleka nyumbani. Siku tisa wanakwenda. Siku ya kumi Ithaca inaonekana, karibu hivi kwamba wanawaona watu wakichochea moto ufukweni. Hapo Odysseus anapitiwa na usingizi, kwa sababu siku zote hizo kamba ya demani, ile ya kuongozea tanga, ameishika yeye, hakumwachia mtu. Mabaharia wanautazama ule mfuko. Wanasema, safari tumekwenda sote, yeye anarudi na mali na sisi mikono mitupu. Wanaufungua. Dhoruba inawarudisha walikotoka.

Watu husoma hapo wakalaumu tamaa ya mabaharia. Mimi nauliza kwa nini hawakuambiwa kilichomo. Neno moja lingetosha: huu ni upepo, usiguswe. Na nahodha gani anashika zamu siku tisa? Niliwahi kusafiri na kapteni wa namna hiyo. Siku mbili hakumwachia ofisa wake usukani, akiamini hakuna mwingine anayejua kazi, na alfajiri ya tatu tukamkuta amesinzia kitini, meli imeshaacha njia. Tulishukuru Mungu tulikuwa maji makuu.

La pili ni zito zaidi, nalo limeelezwa kwa mistari michache. Wanafika nchi ya Walaistrigoni. Bandari nzuri, majabali pande mbili, mlango mwembamba, ndani maji yametulia tuli. Meli 11 zinaingia zinafungwa bavu kwa bavu. Odysseus peke yake anaiacha yake nje, mwisho wa mlango, kamba ameifunga mwambani. Wenyeji ni majitu. Wanashusha mawe toka juu, wanazivunja meli na kuwachoma watu mikuki kama samaki. Odysseus anachomoa upanga, anakata amari, anawaambia wake wapige makasia. Anapona na meli moja.

Niliweka kitabu chini. Baharia yeyote anajua bandari yenye mlango mmoja mwembamba ni mtego, na yeye alijua, ndiyo maana alibaki nje. Sasa wale wa meli 11 kwa nini hakuwaita? Homer hasemi. Odysseus mwenyewe ndiye anayekisimulia kisa hiki mezani kwa mfalme mgeni, naye hasemi. Muda mfupi baadaye anawagawa watu wake mafungu mawili, na fungu la Eurylochus, msaidizi wake, lina watu 22, yaani waliobaki kwenye meli yake ni kama 45. Zidisha na zile 11. Hao wote hawakuonja hata mchuzi wa ng'ombe wa Jua. Ng'ombe waliliwa baadaye, na watu wa meli moja.

Mbele huko anaambiwa kuhusu Scylla, dude la vichwa sita litakalonyakua watu sita. Mabaharia wake anawaficha habari hiyo, eti wasije wakaacha makasia. Hapo angalau nahodha mkweli anaweza kubishana nami. Kwa Laistrigoni hana la kusema.

Nimtendee haki. Kitabu cha tano, Calypso, mungu mke aliyemzuia kisiwani kwake, anapomruhusu aondoke, Odysseus anaunda chelezo kwa siku nne: miti 20 iliyokauka, shoka, tezo, keekee. Fundi yeyote wa Lamu angemtazama kwa heshima. Kisha siku 17 anashika usukani, macho hayafumbi, anaangalia nyota za Kilimia na kuziacha zile za Dubu mkono wa kushoto kama alivyoelekezwa. Sehemu hii Wilson ameitafsiri vizuri sana, unasikia mbao zikiingiana. Lakini hesabu hiyo ilinikera: akiwa peke yake anakesha siku 17, akiwa na roho za watu analala siku ya kumi.

Akifika nyumbani anawaua wachumba 108 waliokuwa wakimfuata mkewe na kula mali yake. Sawa, hao walijitakia. Ila wajakazi 12 waliolala na wachumba wanalazimishwa kwanza kutoa maiti na kusugua meza kwa sponji, kisha Telemachus, mwanawe, anawanyonga kwa kamba ya meli. Kamba ya meli! Wilson anawaita watumwa, bila kuwapaka rangi, wala hawaongezei matusi kama wafasiri wengine walivyofanya. Mtumwa hakuwa na mlango wa kumfungia mchumba. Hilo utalielewa bila kuelezwa.

Wengi huacha kusoma mume na mke wakishakutana. Msiache. Katika kitabu cha 24 anasimama mzee Eupeithes, baba wa Antinous, mchumba aliyeuawa wa kwanza. Analia mbele ya watu wa Ithaca. Anasema mtu huyu alichukua meli na vijana wetu, akapoteza meli, akapoteza vijana, na aliporudi akaua waliobaki. Ndiye pekee aliyefanya hesabu niliyoifanya mimi. Wanainuka kumfuata zaidi ya nusu ya mkutano.

Eupeithes anauawa kwa mkuki wa Laertes, baba yake Odysseus. Zeus, mkuu wa miungu, alikwisha kuamua: watu wa Ithaca wasahaulishwe vifo vya wana na ndugu zao, ufalme uendelee, amani iwepo. Kurasa chache tu, kitabu kimekwisha.

Jirani yangu, aliyekuwa fundi wa injini kwenye meli za mizigo, ameniomba nimwazime. Nimemwambia aanzie kitabu cha 10, na zile kurasa zilizoachia azishike vizuri zisimpeperukie.