AGENTS.md kwenye mfumo wa klaringi na M-Pesa: uzoefu wangu

Naitumia AGENTS.md kwenye programu ya kampuni ya klaringi hapa Mombasa: Python, hifadhidata ya PostgreSQL, malipo ya M-Pesa na usajili wa kontena zinazoshushwa Kilindini. Kwa asiyeijua, ni faili ya maandishi (Markdown) inayokaa kwenye folda kuu ya ripo, yaani hifadhi ya msimbo wa mradi, na wasaidizi wengi wa AI wa kuandika msimbo huisoma kabla ya kugusa msimbo. Haina malipo, haisakinishwi, haina sehemu za lazima. Naipa nyota nne kati ya tano.

Usimwachie msaidizi aiandike mwenyewe. Atakuletea kurasa za kuorodhesha folda, maktaba, na nasaha kama “tumia majina yanayoeleweka”. Hayo hayahitaji kuambiwa: folda anaziona kwenye ripo, na maktaba ziko kwenye pyproject.toml, faili ya mipangilio ya mradi wa Python. Faili hii hupakiwa kila kikao kinapoanza, kwa hiyo kila mstari wa bure unakula nafasi ambayo ingebeba msimbo wenyewe. Codex, msaidizi wa OpenAI, kama hujagusa mipangilio yake, hukomea KiB 32 za maelekezo, lakini ukifika huko umeshapotea zamani. Yangu haivuki mistari 120. Kila mstari naupima kwa swali moja: ukifutwa, msaidizi atakosea? Kama hakosei, unatoka.

Kinachostahili kubaki ni kile ambacho msimbo hauwezi kukisema. Chukua jibu la STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) kutoka Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Ndani yake mna TransactionDate, tarakimu 14 kuanzia mwaka mpaka sekunde, bila alama yoyote ya ukanda wa saa. Hizo ni saa za Afrika Mashariki. Seva nyingi huendeshwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na msaidizi asiyeambiwa huzisoma tarakimu hizo kama UTC. Muda unaruka mbele kwa saa tatu, na malipo yote ya kuanzia saa tatu usiku yanaangukia hesabu ya kesho yake. Majaribio hayalalamiki, maana aliyeyaandika ni yeye huyo huyo. Dawa yake ni mstari mmoja:

“TransactionDate ni Africa/Nairobi. Igeuze kuwa UTC kabla ya kuhifadhi, kwa sababu ripoti ya fedha hufungwa saa sita usiku kwa saa za Nairobi.”

Hiyo “kwa sababu” usiikate kwa kutaka ufupi. Amri kavu hutiiwa pale ilipotajwa tu. Ikiwa na sababu, msaidizi huipeleka mpaka kwenye ripoti mpya ambayo hukuiwazia.

Namba za simu nazo zinataka mstari wao. Ukimwambia akague namba ya Safaricom, mara nyingi atakubali 2547 na tarakimu nane baada yake, basi. Mteja wa 0110, ambaye kwa mfumo wa kimataifa anaanzia 2541, anafungiwa nje na hajui kwa nini.

Kuna vitu vingine ambavyo havifai kuandikwa kabisa. Siku za bure za kuhifadhi kontena, na viwango baada ya hapo, hutoka kwenye tarifu ya bandari, nayo hubadilika. Ukiinakili namba kwenye nyaraka, siku ya mabadiliko jedwali la hifadhidata litasahihishwa na nyaraka zitasahauliwa. Msaidizi akikuta vitu viwili vinavyopingana, huchagua kimoja kimya kimya. Taja jina la jedwali na nani hulisasisha. Passkey ya M-Pesa, yaani ufunguo wa siri wa kuombea malipo, vilevile: andika jina la kigeu cha mazingira kinachoibeba nje ya msimbo, si siri yenyewe.

Sasa kuhusu nyaraka kuoza, ambalo ndilo tatizo kubwa. Zamani maelezo yaliyopitwa na wakati yalimchelewesha mtu tu, maana mtu huuliza mwenzake. Msaidizi huyaamini na kuandika msimbo juu yake kwa dakika mbili. Njia niliyoona inafanya kazi ni kuzifanya nyaraka zenyewe zijaribiwe. Mfano mzuri ni namba ya kontena ya kiwango cha kimataifa cha ISO 6346: herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya ukaguzi. Msaidizi hupenda kukagua umbo tu, herufi na tarakimu zikitimia anapitisha. Hesabu yenyewe inataka A iwe 10, B iwe 12, kwa sababu 11, 22 na 33 zinarukwa. Kila nafasi inazidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512. Jumla inagawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Baki ikiwa 10 inaandikwa 0. Badala ya kuyaeleza haya kwa aya ndefu, kwenye faili ya nyaraka mna hivi:

```
>>> tarakimu_ya_ukaguzi("CSQU305438")
3

```

Halafu `pytest --doctest-glob="*.md"`, amri inayojaribu mifano iliyo ndani ya nyaraka (doctest), inaendeshwa kwenye kila ombi la kuunganisha msimbo mpya. Fankisheni ikibadilishwa jina au hesabu ikiharibika, nyaraka zinafeli pamoja na msimbo. Angalia ule mstari mtupu kabla ya alama za kufungia. Ukiuondoa, doctest huzihesabu zile alama kuwa sehemu ya jibu, na jaribio linafeli ilhali msimbo ni mzima. Wasaidizi huufuta kwa kudhani wanasafisha, kwa hiyo nao umepewa mstari kwenye AGENTS.md.

Amri za kuendesha mradi zisiwe na nakala mbili. Zangu ziko kwenye Makefile, faili ya amri fupi za mradi; AGENTS.md inasema `make test`, na seva ya majaribio inaita `make test` hiyo hiyo. Folda ya malipo ina AGENTS.md yake ndogo, maana iliyo karibu zaidi na faili inayohaririwa ndiyo inayotawala. Claude Code, msaidizi wa Anthropic, hutafuta CLAUDE.md, basi ndani yake weka mstari mmoja, `@AGENTS.md`, usinakili maelezo.

Nyota moja imekatwa kwa sababu faili hii ni ombi, si kufuli. Kikao kikirefuka, mazungumzo ya mwanzo hufupishwa, na sheria iliyokuwa ikifuatwa asubuhi inalegea jioni. Kuandika USIFUTE kwa herufi kubwa hakuhakikishi kitu. Lolote ambalo likitokea litaleta hasara liwekewe kizuizi nje ya nyaraka: tawi kuu lisikubali kusukumiwa msimbo moja kwa moja, na msaidizi apewe akaunti ya PostgreSQL ya kusoma tu, tena kwenye nakala ya majaribio ambayo majina na namba za simu za wateja zimebadilishwa.