Dume kwa dume: taa ya zamani niliyoikodi na stendi waliyonipa

Nyota mbili, na zote ni za taa. Duka halina hata moja.

Nilikodi Junior ya zamani ya Mole-Richardson, taa ya kupigia filamu, ile ya wati 2000, kwenye duka moja la vifaa hapa Dar. Silitaji kwa sababu bado wamekalia amana yangu. Taa yenyewe ina rangi ya damu ya mzee, imechubuka kila kona, na ukiiwasha inanuka vumbi linaloungua. Niliipenda palepale. Nikamwambia kijana wa kaunta anipe stendi yake. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Stendi ni stendi, braza." Nikabeba, nikaondoka.

Tumefika Bagamoyo jioni, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta, mama yetu mwigizaji ameshakaa kwenye kigoda na kanga yake begani. Nainua taa niipandishe. Chini yake kuna pini nene. Naangalia stendi, juu yake kuna pini nyembamba. Dume kwa dume! Jike, yaani tundu la kupokea pini, halipo popote, si kwenye begi, si kwenye gari.

Wala tofauti ya pini hizi si siri ya mabingwa. Peter Mole, mhamiaji kutoka Italia, alianzisha kampuni ile Hollywood mwaka 1927, sinema ndiyo kwanza inaanza kusema. Taa za kaboni zilikuwa zinavuma na maikrofoni zinaunasa ule mvumo, kwa hiyo balbu za tungsten, ambazo ziko kimya, zikapata soko. Wakapewa tuzo ya ufundi ya Akademi, wale wa Oscar, ya mwaka 1935 kwa taa zao za Solarspot, zenye lenzi ya Fresnel, ile yenye mapete mapete, ambayo asili yake ni minara ya kuongozea meli kule Ufaransa. Ya wati 1000 wakaiita Baby, ya 2000 Junior, ya 5000 Senior. Zikaenea mpaka majina yakahamia kwenye pini: ya milimita 16 ni baby, ya 28 ni junior, hata taa iwe imetoka kiwandani China mwaka jana. Sasa mtu anakodisha vifaa kutwa kucha na hajui baby na junior? Huyo ni muuza viatu asiyejua namba.

Nikampigia simu kijana wa kaunta. "Sasa braza, si ungeangalia kabla hujaondoka?" Akakata.

Hasira zilinipanda nikachukua gafa tepu, ile tepu ngumu ya kitambaa, nikaanza kuifunga taa juu ya stendi. Tepu yenyewe ilibuniwa na Ross Lowell, naye alikuwa mtu wa taa, lakini sidhani kama alikusudia ibebe mzigo ule wa chuma juu ya kichwa cha mama wa watu. Mama akanitazama. "Mwanangu, hiyo ikiniangukia utamwambia nini mume wangu?" Nikaibandua yote.

Aliyetuokoa ni kijana wa kutoa na kuweka pesa, pale barabarani. Mwavuli wake umesimama kwenye rimu ya gari iliyojazwa zege, katikati kuna kipande cha bomba. Giza limeingia, anafunga kazi. Nikamwomba lile zege. Tukaliviringisha watu wawili mpaka ndani, nikazungushia pini tepu kidogo, nikaitumbukiza. Ikatulia kama mchi kwenye kinu.

Ilikuwa chini mno, inafika magotini, kwa hiyo nikaielekeza kwenye ukuta wa chokaa. Nikasogeza balbu mbele kuelekea kwenye lenzi, mwanga ukatawanyika, ukapiga ukuta na kurudi usoni kwa mama. Jamani. Kila kunjo la uso lilionekana na hakuna lililomchafua. Taa zangu za LED, ambazo nimezisifia humu kwa mbwembwe, zingempaka rangi ya maiti. Tungekuwa na stendi sahihi ningeiweka juu kama kawaida na mwanga ule nisingeupata kamwe, kwa hiyo labda nyota moja niwape na duka. Hapana. Amana yangu wameikata eti nimerudisha taa "ina gundi". Gundi! Ile pini ingekuwa na gundi kama wangenipa stendi yake?

Ingawa, kusema kweli, kijana wa kaunta alikuwa na haki kwenye moja. Ningeangalia kabla sijaondoka.

Kijana wa mwavuli aliomba elfu tano, nikampa kumi.

Junior nimeshaiweka oda tena, kwenye duka lilelile, maana wengine wote niliowauliza wana LED tupu. Safari hii naingia pale na rula mkononi, na atainua macho.