Google Forms kwa kutafuta mafundi: nyota nne

Nina karakana ya kushona Kongowea, Mombasa, cherehani sita. Zamani fundi akiniachia kazi karibu na Idi, naanza kuuliza majirani na oda zimeshajaa. Wakala mmoja alichukua pesa yangu akaniletea kijana asiyejua hata kutia uzi kwenye overloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Niliumia sana.

Sasa nina fomu ya Google ya kujazwa mtandaoni na mafundi wanaotafuta kazi, bure, maswali saba, kiungo naweka kwenye status ya WhatsApp hata kama sina nafasi ya kazi. Majibu yanajipanga kwenye jedwali: anashona nini, anakaa wapi. La makazi si dogo. Wa Likoni anategemea feri, simpangii alfajiri. Nimeandika pia kwamba asiyetaka namba yake ikae kwangu aseme nimfute. Ni haki yake.

Kupakia picha kwenye fomu kunataka mtu aingie kwa akaunti ya Google, kwa hiyo sampuli naomba kwa WhatsApp.

Ramadhani iliyopita fundi wa kanzu aliondoka Jumatatu. Nikachuja jedwali, nikapiga simu tatu. Jumatano mama mmoja wa Kisauni alikuwa ameinama kwenye kiti chake, anatia darizi shingoni, mshono umenyooka kama umepimwa kwa rula.