MGB GT ya 1972: miaka sita mikononi mwangu

Siku niliyotaka kubadilisha tairi la nyuma la MGB yangu, gari dogo la michezo la Uingereza, jeki ilipanda, gari halikupanda. Jeki ilikuwa imezama ndani ya kizingiti cha mlango. Aliyeniuzia alijaza plasta juu ya kutu, akapuliza rangi, nami niliona kinang'aa nikalipa. Kwa hiyo natanguliza ushauri kabla ya sifa: ukienda kukagua MGB, piga magoti na tochi kwanza. Boneti utafungua baadaye.

Sababu imo katika namna gari hili lilivyozaliwa. MGA, lililolitangulia, lilikuwa na chasisi yake, bodi ikafungwa juu. Wahandisi Syd Enever na Don Hayter, kule Abingdon kwenye kiwanda cha MG, waliiacha chasisi hiyo. Kwenye MGB, iliyotoka 1962, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Faida yake unaiona ukikaa tu. Gari ni fupi kuliko MGA kwa karibu sentimita 8, lakini miguu inanyooka. Hasara ni kwamba vizingiti vimekuwa uti wa mgongo. Vikioza, milango inakataa kukaa sawa, na gharama ya kuchomelea inaweza kupita bei ya gari. Kwa bahati nzuri, tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage inatoa bodi mpya zinazokandamizwa kwa kalibu zilezile za kiwandani. Mimi nilibadilisha vizingiti vyote viwili, na sijutii hata pauni moja.

Injini ni ya cc 1798, kabureta mbili aina ya SU. Mwanzoni kranki yake, shafti inayozungushwa na pistoni, ilishikiliwa na beringi kuu tatu. Mwishoni mwa 1964 zikawa tano. Rafiki yangu ana la 1963, na tofauti ninaisikia: lake linatetemeka zaidi likikamuliwa, na gia ya kwanza inakwaruza kama hujasimama kabisa. Kasoro hiyo ya gia iliondolewa 1967. Langu lilikuta kazi hizo zimeshafanyika. Kwenye barabara kuu ya M40 nabonyeza swichi ya ovadraivu, gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini, mngurumo unashuka, na maili 70 kwa saa inakuwa mwendo wa kuzungumza bila kupaza sauti.

Nyuma kuna springi za bapa. Abingdon walijaribu za koili kisha wakarudi kwenye hizi, na barabara yenye mashimo inakukumbusha: kitako kinaruka. Usukani, hata hivyo, unajibu palepale. Na umbo la GT, lenye paa la chuma, ambalo wasanifu wa Kiitaliano Pininfarina walisaidia kulichora na likaanza kuuzwa 1965, ndilo lililonivuta. Mlango wa nyuma unafunguka wote. Nimewahi kubeba baiskeli humo.

Kinachoniuma ni yaliyofuata. Mwaka 1974, ili litimize sheria za Marekani, gari lilipewa bampa nyeusi za mpira na kuinuliwa kama sentimita 4. Niliwahi kuendesha moja la wakati huo: kwenye kona linalala kama mashua iliyopigwa na wimbi la ubavu. Matoleo ya 1977 yalirekebishwa kidogo, lakini fedha za kutengeneza mrithi wake hazikutolewa. Magari zaidi ya 500,000 yalitoka, kiwanda cha Abingdon kikafungwa Oktoba 1980. Wafanyakazi wake walistahili kupewa gari jipya la kulitengeneza.

Ukipata la kati ya 1968 na mwanzo wa 1974, lenye ovadraivu na vizingiti vizima, lichukue hata kama linafuka moshi. Injini hii inafunguliwa kwa spana za kawaida, na spea zake hazisumbui kupatikana. Ukiwasha swichi, usikimbilie kupiga stata. Sikiliza pampu ya petroli ikigonga tik-tik-tik upande wa nyuma mpaka inyamaze. Hapo kabureta zimejaa.