Dawa ya mayai ya kufukuza kulungu: inafanya kazi ila inataka mtu mwenye moyo

Nianze na jibu kabisa maana wengi humu mnasoma mistari miwili mnaondoka: hii dawa ya kupulizia, ile inayotengenezwa kwa mayai yaliyovunda na kitunguu saumu, inafanya kazi. Kulungu wanaikwepa kweli. Ila sio ya kupuliza leo ukasahau, ukiwa mvivu usiinunue. Kwa maua naipa nyota 4, kwa mboga naipa 2 na hizo mbili ni za huruma.

Kabla ya yote hakikisha anayekula bustani yako ni kulungu, maana kuna watu wanapuliza weee kumbe mwizi ni sungura afu wanakuja kuandika dawa feki. Angalia jani lilivyokatwa. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, pale ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo hakati, anabana na kunyofoa, ndo maana kishina kinabaki kimechanika na nyuzi zinaning'inia. Sungura yeye anakata mshazari, safi kabisa kama kwa wembe, na hafiki juu. Ukikuta majani yameliwa usawa wa kiuno na kwenda juu na yamechanika ovyo, haya, huyo ndo mwenyewe, na ukiinama utaona na alama za kwato. Huwa wanakuja jioni giza likianza kuingia au alfajiri, kwa hiyo wala usitegemee kuwaona.

Sasa harufu. Aisee. Ukifungua chupa mara ya kwanza utajua wamekuambia ukweli kwenye lebo, ni yai viza lile lenyewe, na usipulize upepo ukiwa unakuja upande wako. Ikishakauka binadamu hatuisikii tena, lakini mnyama mwenye pua kama ya kulungu anaendelea kuisikia, kwake harufu ya protini iliyooza ni ishara ya hatari, anahama meza. Kwa kadiri dawa hizi zilivyojaribiwa, za mayai mara nyingi zinazishinda zile za uchungu tu au pilipili tu, na sababu iko wazi ukifikiria: dawa ya ladha lazima aonje kwanza, na kundi zima likionja jani moja moja bustani imeisha.

Kazi yenyewe ndo inapoanzia hapa, na hapa ndo watu wengi wanaitukana dawa bila kosa. Inabidi upulize siku kavu, majani yakiwa makavu, na ikauke vizuri kabla ya mvua au kumwagilia, la sivyo umemwagia udongo. Halafu dawa inalinda jani lililopulizwa tu, haiingii ndani ya mmea, kwa hiyo jani litakaloota wiki ijayo liko uchi, na kulungu anachopenda zaidi ni hayo hayo machipukizi mapya laini. Lebo inaweza kukuambia inakaa mwezi au zaidi, sawa, inakaa, ila mmea unaokua kwa kasi haukusubiri. Mimi naangalia mmea, siangalii kalenda, nikiona machipukizi mapya napuliza, ikinyesha mvua kubwa napuliza. Kingine kinachoudhi ni mdomo wa bomba kuziba, mabaki ya mayai yanaganda, kwa hiyo chuja dawa kabla ya kuiweka na ukimaliza suuza bomba na maji saa ile ile. Ukinunua ile nzito ya kuchanganya na maji, changanya ya kutosha kazi ya siku hiyo tu, usiweke kiporo, utajuta wewe na majirani.

Kwa nini mboga nimezipa 2? Nani anataka kupuliza yai bovu kwenye letusi anayoenda kuila? Dawa nyingi za aina hii lebo yenyewe inakataza kupuliza sehemu inayoliwa, soma kwanza. Kwa maharage, letusi na stroberi weka wavu, hakuna njia ya mkato. Na wavu uwe mrefu, kulungu wengine wanaruka hadi kama mita 2.4, kauzio ka kiunoni ni mapambo tu. Chini ubane kwa vigingi maana wakipata mwanya wanapenda kupita chini kuliko kuruka. Ule wavu mwembamba sana ukilegea unanasa ndege na nyoka, kwa hiyo uvute ukaze na uwe unaukagua.

Vile vifaa vya kutoa sauti ambayo binadamu hasikii, mi siwezi kumshauri mtu, kulungu wanazoea haraka mno. Sabuni za kuning'iniza zinasaidia kidogo, kama mita moja kuzunguka ilipo, sasa bustani nzima utaning'iniza ngapi? Rashrashi yenye kihisi (sensa) inayorusha maji mnyama akipita ni nzuri zaidi ya hizo, ila inalinda eneo lake tu na betri ikiisha usiku ndo basi.

Kitu ambacho dawa haikusaidii kabisa ni dume anayesugua pembe kwenye miti michanga mpaka gome linabanduka. Yule hajaja kula, harufu ya chakula kibovu inamhusu nini? Zungushia shina waya wa matundu, uache nafasi usiguse gome.

Na msimu chakula kikiwa haba huko porini, punguza matumaini. Kulungu mwenye njaa kali atakula hata jani linalonuka, tena waridi, tulipu na hosta (ule mmea wa mapambo wenye majani mapana) ndo anaanza nazo. Wenye bustani kubwa pandeni pembezoni vitu wasivyovipenda, lavenda, rozimari, mnanaa, vitunguu, halafu dawa ibaki kwa yale maua machache unayoyapenda. Ukitumia hivyo chupa inakaa muda mrefu na mkono hauchoki, na hapo ndo mi naona hii dawa inastahili kununuliwa tena.